Mgeni Wetu Anaingia kwa Mlango Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wahudumu wa matawi, siku ya pili ya sherehe za maadhimisho, Nchelenge

  

Nimepewa dakika chache kusema habari ya tovuti ya ushirika wetu. Najua wengine wameshaanza kuangalia saa. Mnasema moyoni, huyu naye anatuletea mambo ya kompyuta kwenye sherehe. Nivumilieni. Habari ninayoleta ni ya mama mmoja na mtoto wake, na ya mlango uliofungwa usiku.

Ninyi wa ziwa hili mnajua kwamba Kilwa ziko zaidi ya moja. Kuna Kilwa kisiwa, humu ndani ya Mweru, upande wa Zambia. Kuna Kilwa mji, ng'ambo, upande wa Kongo. Na kuna Kilwa ya tatu, ile ya pwani ya Tanzania yenye magofu ya zamani, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Sisi tuliandika kwenye tovuti yetu, kwa herufi kubwa na nzuri: "Mkesha wa maombi, Kilwa, Ijumaa." Tukaishia hapo. Kwa sisi tulioandika, Kilwa ilikuwa moja tu, kile kisiwa.

Ijumaa ikafika, tukapanda boti, tukakesha kisiwani. Bwana alitutembelea. Tuliwaombea hata watu wa ng'ambo.

Wiki kadhaa baadaye, katika ibada ya pamoja, mama mmoja kutoka Kilwa ya Kongo akasimama kushuhudia. Hakulaumu mtu. Alisema hivi: "Niliona mu telefone, mukesha Kilwa. Mutoto alikuwa mugonjwa. Nikamubeba, nikakuya kwenye munaombeaka. Nikakuta mulango imefungwa. Nikangoja mpaka asubuyi." Halafu akamshukuru Mungu kwamba mtoto alipona, akakaa.

Mtoto yuko hai, Bwana asifiwe. Lakini mimi ndiye niliyeandika lile tangazo. Usiku ule tuliimba kwa sauti kuu upande mmoja wa ziwa, na upande wa pili mama alikaa kizingitini kwetu na mtoto mwenye homa, kwa sababu ya maneno yetu wenyewe. Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza jambo ninalotaka kukufundisha leo: kuangalia nyayo za mgeni ndani ya tovuti.

Nyayo zinaonekanaje?

Tovuti inakaa kwenye kompyuta inayoitwa seva. Kila simu inapofungua ukurasa, seva inaandika mstari mmoja kwenye daftari lake: saa ngapi, ukurasa gani umeombwa, kama ukurasa ulipatikana au la, mgeni ametokea wapi, na anatumia simu au kivinjari cha aina gani. Ukiona namba 200, maana yake ukurasa ulipatikana. Ukiona 404, mgeni alibisha hodi kwenye mlango ambao haupo.

Kusoma mistari hiyo mmoja mmoja kunachosha, kwa hiyo watu wametengeneza programu za kukusanya na kupanga nyayo za wageni. Iko ile ya Google, iliyoanza mwaka 2005. Iko Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni. Programu hizi zinakusanya nyayo za mtu mmoja na kuziita ziara. Kwa kawaida mgeni akinyamaza dakika 30, ziara inahesabiwa imekwisha. Akirudi jioni, ni ziara mpya.

Sasa ndani ya ziara angalia mambo matatu: ameingia kwa ukurasa gani, amepita wapi, na ametokea wapi.

Tulipofungua daftari letu, la kwanza lilitushtua. Sisi tulikuwa tumepamba ukurasa wa mbele kama mimbari siku ya harusi: picha za viongozi, picha za kwaya, salamu ndefu za mwenyekiti. Kumbe wageni wengi hawapiti hapo kabisa! Mtu ametafuta neno kwenye Google, au ametumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp, anaangukia moja kwa moja ukurasa wa ndani. Ni kama umefagia gati la Nchelenge ukimngoja mgeni, naye ameshukia huko nyuma kwenye matete. Anaanza kuuliza njia, na wewe hukuweka kibao.

La pili, tuliona njia moja ikijirudia. Ratiba. Halafu ukurasa wa mbele. Halafu ratiba tena. Halafu mawasiliano. Halafu mgeni ameondoka.

Hebu itafakari njia hiyo. Mtu amesoma ratiba, hakuelewa. Amekwenda mbele kutafuta maelezo, hakupata. Amerudi kusoma upya, labda macho yake ndiyo yenye kosa. Mwisho akaenda kwenye mawasiliano ili aulize. Na pale kwenye mawasiliano tulikuwa tumeweka nini? Anwani ya barua pepe peke yake. Namba ya simu hakuna. Kwa watu wetu wa ziwani, wangapi wanaandika barua pepe saa mbili usiku wakiwa na mtoto mgonjwa?

Sijui kama mojawapo ya nyayo zile ilikuwa ya yule mama. Daftari haliandiki jina. Lakini najua walikuwa watu, na walitafuta, na tuliwaacha.

Mambo ambayo daftari halisemi

Hapa lazima niseme ukweli, maana kuna watu wakipewa tarakimu wanaota mbawa.

Daftari linasema mgeni alifanya nini. Halisemi kwa nini. Mtu aliyeondoka upesi huenda amekata tamaa, au amepata alichotaka: ameona namba, ameipiga, yuko njiani. Vilevile muda unahesabiwa toka ukurasa mmoja mpaka mwingine, kwa hiyo ule wa mwisho mara nyingi haujulikani alikaa nao kiasi gani. Anaweza kuwa alisoma saa nzima huku analia mbele za Bwana, na ripoti ikaandika sifuri.

Tena huku kwetu simu moja inatumika na nyumba nzima: baba, mama, na shangazi aliyekuja kutembea. Ripoti inaona mgeni mmoja. Na kijana wa Kashikishi mwenye laini mbili, ya Zambia na ya Kongo, anaonekana kama watu wa nchi mbili, kwa sababu programu inakisia nchi kwa kufuata mtandao aliotumia. Kwa hiyo usije kikaoni ukasema, "Wakongo wameongezeka," kumbe ni bando la Kongo lililokuwa rahisi wiki ile.

Na roboti je? Injini za kutafutia zina programu zinazopita kwenye tovuti nyingi duniani usiku na mchana. Usipozichuja, unazihesabu kama watu. Tuliwahi kufurahia sana wageni wa saa tisa za usiku, tukasema watu wana kiu. Mistari mingi ilikuwa mashine. (Chekeni, hata mimi nilicheka, baadaye.)

Kuhesabu kwa aina mbili

Wapendwa, Biblia inatuonyesha kuhesabu kwa aina mbili. Fungua 2 Samweli 24. Daudi anaagiza watu wahesabiwe, toka Dani mpaka Beer-sheba. Hata Yoabu, mtu wa vita, anauliza sababu. Hesabu inarudi, na moyo wa Daudi unamchoma. Halafu fungua Luka 15. Mchungaji ana kondoo 100, mmoja hayupo. Angejuaje kwamba mmoja hayupo kama hakuhesabu? Lakini yeye alihesabu ili atoke akatafute.

Sasa jiulize tovuti yako unaihesabu kwa hesabu ipi. Ukienda kikaoni na kusema "Tumetembelewa na watu wengi kuliko ushirika fulani," hiyo ni hesabu ya Daudi. Ukisema "Kuna watu wanafika kwenye ratiba wanarudi nyuma mara mbili, twende tukaone wanakwama wapi," hiyo ni ya mchungaji.

Nikupe mfano wa kuhesabu kwa mchungaji. Tuseme watu 100 wamefungua ukurasa wa mkesha. Tuseme 40 wamebonyeza "Mahali na njia". Tuseme 10 wamefika kwenye namba ya simu. Wanafunzi wa mambo haya wanapenda kuwashangilia wale 10. Wewe nenda kawatafute 60 wa kwanza. Je, ukurasa ulikuwa mzito ukala bando lao kabla haujafunguka? Je, maneno "Mahali na njia" yalikuwa chini kabisa, chini ya picha saba? Je, uliandika kwa Kiingereza tu?

Wataalamu wawili, Peter Pirolli na Stuart Card, waliandika miaka ya 1990 kwamba mtu anayetafuta habari anafanana na mnyama anayetafuta chakula: anafuata harufu. Harufu ikiwa kali anaendelea, ikififia anageuka. Wavuvi wa chisense mnalijua hili kwa njia yenu. Usiku mnawasha taa, samaki wanaufuata mwanga. Taa ikizimika, je, mnawalaumu samaki kwa kuondoka? Basi na maneno tunayoweka kwenye viungo ni taa. Sisi tuliandika "Huduma zetu". Mgeni anajua maana yake? Tulipobadilisha tukaandika "Ibada iliyo karibu na wewe", hata bibi alijua abonyeze wapi.

Panda garini ukae naye

Katika Matendo 8, Roho alimwambia Filipo alisogelee lile gari. Filipo hakuanza kwa kuhubiri. Alisikia kwanza mtu anasoma nini, akauliza kama anaelewa, na yule mtu wa Kushi akasema wazi kwamba anahitaji wa kumwongoza. Ndipo Filipo akapanda, akakaa naye, akaanzia pale pale alipokuwa anasoma.

Ndiyo maana daftari peke yake halitoshi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaangalia watu watano tu wakitumia tovuti yako, utaona sehemu kubwa ya makosa yake. Watano! Hata tawi dogo linao. Mpe mama simu yake mwenyewe, mwambie, "Mama, tafuta ibada ya Jumapili iliyo karibu na kwako." Halafu nyamaza. Usinyooshe kidole. Usiseme "hapo, hapo juu". Angalia kidole chake kinakwenda wapi, na kinasimama wapi. Pale kiliposimama ndipo penye kazi yako.

Sisi tulifanya hivyo, tukabadilisha haya. Kila mahali sasa panatajwa kwa ukamilifu: "Kilwa, kisiwa cha Ziwa Mweru, Zambia", "Kilwa, mji, Kongo". Tuliona tukiandika Kilwa Kisiwani tu, mtu atapelekwa mpaka Tanzania! Namba ya simu na ya WhatsApp iko juu ya kila ukurasa. Tarehe iliyopita inaandikwa "imepita". Picha zimepunguzwa, samahani kwa wenyeviti. Na ratiba iko kwa Kiswahili, Kibemba na Kifaransa.

Neno la mwisho ni la siri za watu. Ukurasa wa maombi hatuuwekei programu ya kufuatilia. Mtu anayeandika habari ya ndoa yake au ugonjwa wake, au ndugu aliyekimbia vita akapokelewa Mantapala, hajaja kuhesabiwa. Zambia ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2021, na nchi jirani nazo zina zao. Lakini kabla ya sheria, sisi ni wachungaji. Nyayo za mgeni tunaziangalia ili tumtengenezee njia. Tusimnyemelee.

Basi wahudumu, kazi ya kila tawi kabla ya mkutano ujao ni hii. Tafuta kurasa tatu ambazo wageni wanaingilia zaidi. Tafuta ukurasa mmoja wanakokwama. Kaa na watu watano. Rekebisha kitu kimoja, kisha uangalie tena baada ya mwezi.

Yule mama nilimtafuta, nikamwomba msamaha. Akacheka, akaniambia, "Papa, andika tu muzuri." Ndiyo agizo nililobaki nalo, na sasa nakukabidhi na wewe.

Tuombe. Bwana, wako watu usiku huu wanaotafuta mlango wako kwa mwanga mdogo wa simu. Utusamehe pale maneno yetu yalipowapoteza. Utupe macho ya kuona nyayo zao na miguu ya kuwafuata. Katika jina la Yesu. Amina.