Vumbi Lisiloonekana

Somo la 12 katika masomo ya afya kwa madarasa ya watu wazima. Haya ni maneno ya Afisa Elimu kama yalivyosemwa katika redio. Yasomeni tena darasani kwa sauti, kisha jibuni maswali yaliyo mwishoni.

Kaeni karibu na redio ili wote msikie vizuri.

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Maji yakiwa na taka, mtu aweza kuyamwaga akateka mengine. Leo tutazungumza juu ya hewa. Hewa haichaguliki hivyo. Mtu akiwa kazini, huvuta hewa ya mahali pale pale alipo, na kama ina vumbi, huvuta na vumbi lake.

Mavumbi ya kazi ni mengi: vumbi la mawe, la pamba, la mbao, la katani. Leo nimechagua moja tu, nalo ni vumbi la asbesto. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, madaktari wamelichunguza kwa miaka mingi, na habari zake zatufundisha jinsi ugonjwa wa kazini unavyogunduliwa. Pili, hapa kwetu Afrika Mashariki asbesto bado ipo juu ya vichwa vya watu wengi.

Asbesto ni nini? Ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini si jiwe kama mawe mengine. Ukilisugua linachambuka kuwa nyuzinyuzi, kama pamba. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, wala hazivunjiki upesi. Kwa hiyo watu waliipenda sana. Walisokota nyuzi zake wakafuma nguo za kuzuia moto. Walizungushia mabomba ya mvuke katika meli na viwanda. Waliitia katika breki za magari. Tena waliichanganya na saruji, wakatengeneza mabomba ya maji na zile bati nene za kijivu za kuezekea nyumba. Bati hizo zaitwa bati, lakini si chuma. Ni saruji yenye nyuzi za asbesto ndani yake.

Sasa sikilizeni jinsi inavyodhuru. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, nasi hulitema. Lakini unyuzi wa asbesto ni mwembamba mno. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuupita mara mamia. Huwezi kuuona ukielea hewani, wala hauna harufu. Hupita puani, hupita kooni, hufika mwisho kabisa wa mapafu. Mwili hujaribu kuuharibu, hauwezi. Basi unyuzi hukaa pale mwaka baada ya mwaka, na mapafu hufanya kovu kuuzunguka. Kovu likienea, mapafu hukakamaa, na mtu hupungukiwa na pumzi hata akipanda ngazi chache. Ugonjwa huo waitwa asbestosisi. Na kwa wengine huzuka saratani, yaani kansa.

Je, watu walijuaje haya? Mwaka wa 1924, katika mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki mwanamke mmoja aitwaye Nellie Kershaw. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, akakuta makovu na vipande vya asbesto. Aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari.

Lakini mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Yawezekana aliugua kwa sababu nyingine. Kwa hiyo serikali ya Uingereza iliwatuma Daktari Merewether na mkaguzi wa viwanda, Bwana Price, wakapime wafanyakazi wengi. Walipima watu 363, wakatoa taarifa yao mwaka wa 1930. Zaidi ya robo ya watu hao walikuwa na makovu mapafuni. Nao walifanya jambo moja la akili: waliwagawa watu kwa miaka ya kazi. Miongoni mwa wale walioanza kazi karibuni, wagonjwa hawakuonekana. Miongoni mwa waliofanya kazi miaka 20 au zaidi, wagonjwa walikuwa kama wanne katika kila watano. Kadiri miaka ya vumbi ilivyozidi, ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Hapo shaka ikaondoka. Mwaka wa 1931 sheria ikatungwa huko ya kupunguza vumbi viwandani.

Mwaka wa 1955 Daktari Richard Doll, Mwingereza, alionyesha jambo jingine. Wafanyakazi waliokaa muda mrefu katika vumbi la asbesto walipata saratani ya mapafu karibu mara kumi kuliko watu wengine.

Hata hapo, watu wengi walidhani kwamba hatari ni ya mfanyakazi peke yake. Uchunguzi wa Afrika Kusini uliwatoa katika kosa hilo. Huko, katika upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo la Cape, ilichimbwa asbesto ya rangi ya buluu. Mwaka wa 1960 Daktari J. C. Wagner na wenzake walitoa habari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando unaofunika mapafu. Saratani hiyo, iitwayo mesotelioma, ilikuwa haionekani ila kwa nadra sana. Madaktari waliwauliza wagonjwa na jamaa zao: Ulizaliwa wapi? Ulikaa wapi? Ulifanya kazi gani? Wagonjwa 32 kati ya 33 walionekana kuwa wamewahi kukutana na asbesto. Na tazameni, wengi hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu karibu na machimbo, wengine walipokuwa watoto.

Miaka mitano baadaye, yaani 1965, uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa London, kwa wagonjwa 76. Wagonjwa 31 walikuwa wamefanya kazi ya asbesto. Wengine 9 hawakufanya kazi hiyo kabisa, ila walikaa nyumba moja na mtu aliyeifanya. Wengi wao walikuwa wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Mume alirudi jioni na vumbi katika shati, mke akalikung'uta kabla ya kulitia majini. Basi ugonjwa ulipanda katika nguo ukaingia nyumbani.

Jambo la kutisha katika ugonjwa huu ni ukimya wake. Mtu akivuta moshi wa pilipili hukohoa papo hapo. Akivuta asbesto hahisi neno. Ugonjwa huja baada ya miaka 20, au 30, au 40, na pengine zaidi. Mtu amekwisha kuacha kazi, amerudi kijijini analima, ndipo pumzi inapoanza kumwisha. Nani atakumbuka kiwanda cha ujana wake? Ndiyo maana hata leo, ingawa nchi nyingi zimeipiga marufuku asbesto, Afrika Kusini ikiwa mojawapo tangu 2008, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba asbesto ya kazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka.

Na wavuta tumbaku wasikilize hapa. Wataalamu wa Marekani walilinganisha watu. Mfanyakazi wa asbesto asiyevuta sigara alikuwa na hatari ya saratani ya mapafu karibu mara 5 kuliko mtu wa kawaida. Mvutaji asiyefanya kazi ya asbesto, mara 10 hivi. Aliyefanya yote mawili, zaidi ya mara 50! Hatari hizi mbili hazijumlishwi tu, huzidishana.

Sasa tufike nyumbani. Katika Kenya, Tanzania na Uganda yako bado majengo ya zamani yenye mapaa ya asbesto: nyumba za watumishi, shule, maghala. Je, tuyabomoe kesho asubuhi? La, hasha! Bati nzima isiyoguswa imezishika nyuzi zake ndani ya saruji. Hatari huanza inapokatwa, inapotobolewa, inapovunjwa au inapochakaa ikapukutika. Anayebomoa ovyo kwa nyundo ndiye anayewavutisha wenzake vumbi.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Usikate kwa msumeno, usitoboe, wala usisugue kwa brashi ya waya bati au bomba la asbesto.
2. Usifagie vipande vyake vikiwa vikavu. Vilowesheni kwanza kwa maji, ili nyuzi zisiruke.
3. Msiwaache watoto wacheze na vipande, wala msivitumie kujengea meko au kujazia njia.
4. Fundi wa magari asipulize vumbi la breki za zamani kwa pampu ya upepo. Alipanguse kwa kitambaa kibichi.
5. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi. Kisikudanganye.
6. Nguo za kazi zenye vumbi zisikung'utwe, wala zisiletwe nyumbani.
7. Paa likichakaa, mwiteni afisa afya, au wakaguzi wa usalama kazini, wawaonyeshe mafundi waliofundishwa kuliondoa.

Liko jambo la mwisho, nalo lahusu kalamu iliyo mkononi mwako. Wale madaktari waliugundua ukweli kwa kuuliza tu: ulifanya kazi wapi, mwaka gani, kazi gani? Mtu asiyejua kuandika hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya miaka 30 huchakaa. Wewe sasa wajua kuandika. Chukua daftari, uandike kila kazi uliyoifanya, mahali, mwaka wa kuanza na wa kuacha, na vumbi au moshi uliokuwapo. Siku daktari atakapouliza, au siku utakapodai haki yako, karatasi hiyo itakusemea. Uitunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Wiki ijayo tutasema juu ya moshi wa jikoni. Haya, kwaherini.

MANENO MAPYA

Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Kovu: alama ngumu inayobaki baada ya jeraha.
Utando: ngozi nyembamba inayofunika kitu.
Kadiria: kisia kwa hesabu.

MASWALI

1. Kwa nini pua haiwezi kuzuia nyuzi za asbesto?
2. Daktari Merewether na Bwana Price waliwagawa wafanyakazi kwa jambo gani? Waliona nini?
3. Wanawake wa London waliupataje ugonjwa bila kufika kiwandani?
4. Jirani yako ataka kukata bati kuukuu la asbesto kwa msumeno. Utamwambia nini?
5. Andika kazi zote ulizowahi kufanya, na miaka yake. Mwalimu atakusaidia kupanga safu.