Moshi wa Kiwanda Hauna Mpaka



Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Lakini iko sumu itokayo katika dohani za viwanda ambayo haionekani kwa macho. Nayo ni jamii ya kemikali zenye florini. Muungano wa florini na kaboni ni imara mno, hata jua, maji na vijidudu vya udongoni hushindwa kuuvunja. Sifa hiyo ndiyo iliyozifanya zipendwe kwa kutengenezea vikaango visivyogandisha chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto. Sifa hiyo hiyo ndiyo izifanyayo zidumu ardhini, na kukaa miaka katika damu ya binadamu.

Mfano ulio wazi ni kiwanda cha Washington Works, karibu na mji wa Parkersburg, katika jimbo la West Virginia, Marekani. Hapo kampuni ya DuPont ilianza mwaka 1951 kutumia kemikali iitwayo C8 katika utengenezaji wa Teflon. Sehemu ya taka zake ilimwagwa katika mto Ohio, sehemu ikafukiwa ardhini, na sehemu ikatoka kwa njia ya hewa.

Ng'ambo ya mto kuna jumuiya ya Little Hocking. Wakazi wake hawakunywa maji ya mto, bali ya visima. Hata hivyo, damu yao ilipopimwa ilikutwa na C8 nyingi kuliko ya majirani wao wa maeneo mengine yaliyochunguzwa. Sumu hiyo ilifikaje? Upepo uliivusha mto, ikatua juu ya udongo, kisha mvua ikaizamisha polepole hadi kwenye maji ya visima.

Jambo zito zaidi ni kwamba kampuni ilipima maji ya bomba ya jirani mwaka 1984 na kuikuta C8 humo, lakini wanywaji hawakuambiwa. Siri ilianza kufichuka baada ya wakili Robert Bilott kufungua kesi mwaka 1999 kwa niaba ya mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa. Mwaka 2005 DuPont ilikubali kulipa dola milioni 16.5 katika shauri lililoletwa na serikali kuhusu kutotoa taarifa. Kufikia mwaka 2012, jopo la wanasayansi watatu, likitumia habari za watu wapatao 69,000, lilitamka kwamba yaelekea C8 ina uhusiano na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, shinikizo la damu la ujauzito, na lehemu nyingi katika damu.

Je, somo hilo lilitosha? La. C8 ilipoachwa, ililetwa badala yake GenX. Mwaka 2017 wananchi wa North Carolina walipata habari kwamba GenX imo katika mto Cape Fear. Baadaye ilikutwa pia katika visima vya nyumba zilizozunguka kiwanda cha Chemours, karibu na Fayetteville. Mto haupandi mlima kuingia visimani. Hewa ndiyo iliyoibeba. Baada ya amri ya mahakama ya mwaka 2019, kiwanda kilijengewa tanuru la kuchoma hewa taka, lililokusudiwa kuangamiza asilimia 99.99 ya kemikali hizo. Kumbe dawa ilikuwapo. Kilichokosekana ni wa kuidai.

Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, uliiingiza C8 katika orodha yake mwaka 2019. Lakini mkataba haupimi hewa. Watu ndio wapimao. Mtumishi atoaye kibali cha kiwanda hapana budi aulize si maji taka tu yaendako, bali pia kitokacho katika dohani, upepo uvumako, na visima vilivyo upande huo. Majibu yawekwe mahali ambapo mwananchi ataweza kuyasoma. Naye mwalimu yampasa awafundishe vijana kwamba ukosefu wa harufu si ushahidi wa usafi.

Watu wa Little Hocking walikunywa kwa imani. Imani ya mwananchi ni amana, na amana hailindwi kwa kunyamaza.