Upinzani, Majimbo na Sheria ya Dhamana: Funzo Kutoka Kanada

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Hapa Zanzibar sheria ya jinai si jambo la Muungano. Baraza letu la Wawakilishi ndilo lililotunga Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya 2018. Kanada ni kinyume chake. Katiba yao ya 1867 imelipa Bunge la Shirikisho uwezo wa kutunga sheria za jinai, na majimbo yakapewa uendeshaji wa haki. Kwa hiyo atungaye siye atekelezaye, na mahabusu wakijaa gerezani, mzigo ni wa majimbo.

Mnamo Januari 2023, viongozi wa majimbo yote 10 na maeneo 3, ambao ni wa vyama mbalimbali, walimwandikia Waziri Mkuu barua moja wakitaka sheria ya dhamana irekebishwe. Mwezi uliotangulia, askari polisi alikuwa ameuawa huko Ontario, na mmoja wa walioshitakiwa alikuwa amepewa dhamana kwa kesi nyengine. Chama kikuu cha upinzani, Conservative, nacho kilikuwa kikilidai jambo hilo Bungeni. Serikali, isiyokuwa na wingi wa viti, ilileta Mswada C-48 mwezi wa Mei. Tarehe 18 Septemba, Bunge liliupitisha hatua zote kwa siku moja. Upinzani ulisema mswada hautoshi, lakini haukuuzuia.

Kwa sheria hiyo, mshitakiwa wa kosa kubwa la kutumia nguvu na silaha, aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka 5, ndiye anayepaswa kuieleza mahakama kwa nini aachiwe.

Ndugu zangu, hapo pana uzito. Mshitakiwa hana hatia mpaka ithibitike, na kumweka ndani asiye na kosa ni dhulma. Watetezi wa haki za raia walilisema hilo. Ndipo Seneti ikaongeza sharti: hakimu aandike namna alivyozingatia hali ya washitakiwa wenyeji wa asili na wa makundi dhaifu. Sheria ilianza kutumika tarehe 4 Januari, 2024.

Funzo ni kwamba upinzani hutimiza wajibu wake unapoifikisha kauli ya watekelezaji kwa watungaji. Lakini makubaliano ya vyama vyote hayaondoi haja ya uchunguzi. Haraka haraka haina baraka, hasa uhuru wa mtu unapokuwa mizanini.

Wabillahi tawfiq.