BUNDUKI KUUKUU YA MARISAU: JINSI YA KUITAMBUA THAMANI YAKE

Somo letu la leo lahusu kitu ambacho huenda kimeviringishwa ngozi na kuwekwa juu ya dari ya nyumba ya mzee wenu: bunduki ya zamani ya marisau.

Tuanze na kisa. Baba yangu mkubwa alifariki katika kijiji kimoja cha Kahama, akaacha ng'ombe, shamba la pamba, na bunduki moja aliyokuwa akiimiliki kwa kibali. Matanga hayajaisha, bunduki ikaleta maneno. Mwanawe wa kwanza alitaka kuiuza kwa mtu wa machimbo huko Geita, aliyeahidi fedha taslimu. Wa pili alitaka kuijaribu kwa nyani waliokuwa wakimaliza mahindi. Mama mkubwa alitaka itoke nyumbani mwake kabla ya jua kuchwa. Wakaniita mimi niamue, kwa kuwa nimesoma. Nami niliyesoma nikachukua msasa, nikaisugua kutu mpaka chuma kikang'aa. Hilo lilikuwa kosa, na mtaona kwa nini.

Kwanza tuijue yenyewe. Ilikuwa na mtutu mmoja, na chini ya mtutu bomba la kuwekea risasi. Juu ya bomba hilo pana mkono wa mbao. Ukiuvuta nyuma, ganda lililokwisha kutumika hutoka. Ukiusukuma mbele, risasi mpya huingia. Aliyeifanya bunduki ya namna hii ijulikane sana ni fundi wa Marekani, John Browning, aliyezaliwa mwaka 1855. Bunduki yake iitwayo Winchester 1897 iliundwa kwa miaka 60, tangu 1897 hadi 1957, na zaidi ya milioni moja zilitoka kiwandani. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani waliitumia mahandakini, hata Wajerumani wakapeleka malalamiko rasmi mwaka 1918.

Watu husema "namba 12" wakidhani ni milimita 12. Sivyo. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu ulifanye goroli. Goroli moja ndilo litakaloenea katika mtutu wa namba 12, nao ni upana wa milimita 18 na nusu hivi. Kwa hiyo namba 20 ni mtutu mwembamba kuliko namba 12, kwa sababu ratili ile ile imegawanywa mafungu mengi zaidi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa, thamani hupimwaje? Kazi hiyo si ya kufanywa uani kwako. Hufanywa na fundi wa silaha, mbele ya polisi au kwa muuzaji mwenye leseni. Lakini yafaa ujue anachokitazama.

Kwanza hutazama kama ni tupu. Hufungua, huchungulia chemba na bomba pia, kisha huhakikisha kwa kidole. Bunduki nyingine za zamani za namna hii zina hatari yake: kidole kikiwa kimebana kilimi, risasi hulipuka mara mkono wa mbao unapofika mbele.

Pili husoma jina la kiwanda, namba na mihuri iliyogongwa kwenye chuma. Hivyo ndivyo umri hujulikana. Mihuri mingine huonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, kama ilivyofanywa London na Birmingham.

Tatu hutazama kama chuma na mbao ni vile vile vya asili. Rangi nyeusi ya samawati ya chuma, hata ikififia, ni ushahidi wa umri. Ndiyo maana fundi aliposhika bunduki yetu alitikisa kichwa. Akaniambia, "Mwalimu, umemnyoa mzee ndevu ili aonekane kijana." Herufi zilikuwa zimelika, na namba ilisomeka kwa shida. Mwenye kukusanya vitu vya kale huthamini kutu ndogo ya haki kuliko mng'aro wa msasa.

Nne hupima chemba. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zilichongwa kwa risasi za milimita 65, lakini nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Hapa wengi hudanganyika, maana risasi ndefu huingia bila taabu. Kumbe urefu unaoandikwa ni wa ganda likiisha kufunguka. Likilipuka, mdomo wake hufunguka mahali pembamba, marisau hubanwa, na nguvu ya baruti huzidi kiasi.

Tano, nalo ndilo kubwa, huchungulia mtutu kuelekea mwangaza. Fundi alituita mmoja mmoja. Ndani, karibu na mdomo, tuliona pete nyeusi. "Huu ni uvimbe," akasema. "Siku moja mtutu uliziba, labda kwa udongo wa nyigu, na mzee akapiga. Mara ile ulivimba tu. Mara ya pili ungeweza kupasuka." Ndugu yangu wa pili, yule wa nyani, alitazama mkono wake wa kushoto, asiseme neno.

Je, sheria yasemaje? Silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali ni cha mtu, si cha ukoo. Hakirithiwi pamoja na ng'ombe. Mwenyewe akifa, toeni taarifa polisi upesi. Anayetaka kuimiliki aombe kibali chake mwenyewe. Mnunuzi asiye na kibali, hata akija na fedha za dhahabu mkononi, anakununulia kesi. Na anayeuliza, "Ng'ombe nitawalindaje?" akumbuke kwamba wazee wa Usukuma na Unyamwezi walipoanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walishika pinde na mishale, na nguvu yao ilikuwa umoja.

Bunduki yetu ilibaki polisi. Kwa kupiga, haikuwa na thamani tena. Kwa kuuza, nilikwisha kuipunguza mimi. Mama mkubwa aliomba kitu kimoja tu, nakala ya kibali cha zamani chenye picha ya mumewe akiwa kijana. Ameitundika ukutani. Katika mirathi yote, hicho ndicho ambacho hakuna aliyekigombea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini namba 12 ni mtutu mpana kuliko namba 20?
2. Kwa nini si salama kuamini kwamba risasi inayoingia chembani inafaa?
3. Mzee mwenye kibali akifariki kijijini kwenu, nani atoe taarifa, na kabla ya nani kuigusa silaha?