Haki Imeandikwa, Lakini Wakili Nani Atamlipa?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeichapa nzima kwa maombi ya wale waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme habari za mtu anayeshtakiwa na Serikali, na jinsi ya kumtetea. Nitawapeleka mbali, Marekani, nchi inayojisifu kwamba haki za raia wake zimeandikwa tangu zamani. Lakini mtu nitakayemtaja si mgeni kwetu. Ni Dr. W.E.B. Du Bois, yule mzee wa watu weusi aliyeheshimiwa sana katika Mkutano wa Waafrika uliofanyika Manchester, Uingereza, mwaka 1945, ambako Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta walikaa naye pamoja.

Kwanza tuelewane jambo moja. Marekani ina serikali za majimbo, na juu yake iko Serikali ya Shirikisho iliyoko Washington. Mwizi wa kuku hushtakiwa na jimbo lake. Lakini mtu akishtakiwa kwa sheria ya Shirikisho, anapambana na taifa zima. Hata jina la kesi husema hivyo: Muungano wa Nchi za Amerika dhidi ya fulani. Basi fikirini, ndugu zangu. Upande huu kuna wapelelezi, wanasheria wa mshahara na hazina isiyokauka. Upande ule kuna mtu mmoja na mkewe analia nje. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Kazi ya wakili ni kuufanya msemo huo uwe uongo.

Katiba yao, katika Rekebisho la 6 lililopitishwa mwaka 1791, inasema kwamba mshtakiwa awe na msaada wa wakili. Maneno mazuri! Lakini kwa miaka mingi maana yake ilikuwa hii: mwenye fedha asizuiwe kuajiri wakili, asiye na fedha, shauri yake.

Nitawapa mfano. Januari 1935, katika mji wa Charleston, askari wawili wa majini walipelekwa mbele ya mahakama ya Shirikisho kwa kosa la noti bandia za dola 20. Siku ile ile walisomewa mashtaka, wakahukumiwa, wakapewa kifungo cha miaka minne na nusu kila mmoja. Wakili hawakuwa naye. Mmoja wao, akiwa ndani ya jela ya Atlanta, alipigania shauri lake mpaka likafika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi. Mwaka 1938 majaji wakaamua kwamba mahakama ya Shirikisho haina uwezo wa kumnyima mtu uhuru wake ikiwa hana wakili, isipokuwa yeye mwenyewe, kwa akili zake timamu, amekataa kuwa naye. Angalieni: tangu 1791 mpaka 1938 ni miaka 147! Na hata baada ya hapo, mawakili walioteuliwa kuwatetea maskini hawakuwekewa malipo kwa sheria ya nchi nzima mpaka mwaka 1964. Mtu hutetewaje vizuri na wakili ambaye hana nauli ya kwenda kutafuta mashahidi?

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Mwaka 1950 Dr. Du Bois na wenzake walifungua ofisi ndogo New York ya kueneza habari za amani. Walikusanya sahihi za watu wanaotaka bomu la atomiki lipigwe marufuku. Serikali ikasema: ninyi ni mawakala wa wageni, jiandikisheni. Wao wakakataa, wakisema sisi ni Wamarekani tunaosema fikira zetu wenyewe. Ofisi wakaifunga. Hata hivyo, Februari 1951 wakashtakiwa watu watano. Adhabu iliyowangoja ilikuwa kifungo cha mpaka miaka mitano na faini ya mpaka dola 10,000. Mzee alikuwa anakaribia kutimiza miaka 83. Alipofikishwa mahakamani alipekuliwa, akachukuliwa alama za vidole, akatiwa pingu. Naam, pingu!

Ndipo marafiki walipojulikana. Karamu ya siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imeagizwa katika hoteli kubwa. Hoteli ikaikataa, ikabidi ifanywe Harlem. Wengi wa wale wenye elimu na vyeo, ambao mzee aliwapigania tangu ujana wake, walinyamaza. Waliosimama naye zaidi walikuwa watu wa kazi na vyama vyao, na watu wa kawaida wa mitaani. Yeye na mkewe, Shirley Graham, walizunguka mji hadi mji wakieleza kesi na kukusanya fedha. Maana kesi ya namna hii hula fedha: karatasi, nauli, mashahidi, makarani. Ilifika maelfu kwa maelfu ya dola.

Na wakili? Vito Marcantonio, aliyekuwa mbunge wa New York na ndiyo kwanza amepoteza kiti chake, alikuja kuwatetea bila ya kutaka ujira. Tazameni kazi aliyoifanya, kwani hapo ndipo penye somo. Hakusimama kuhubiri juu ya amani. Aliuliza swali moja tu: uko wapi uthibitisho kwamba watu hawa walikuwa wakifanya kazi kwa niaba ya wageni? Serikali ilimleta shahidi aliyewahi kuwa mwenzao katika shughuli za amani. Marcantonio akamhoji, akambana. Kusema maneno yanayofanana na ya mtu wa Paris si sawasawa na kutumwa na mtu wa Paris. Novemba 1951 upande wa Serikali ulipomaliza ushahidi wake, Jaji McGuire aliona kwamba jambo hilo halikuthibitishwa, akawaachilia wote watano. Upande wa utetezi haukuhitaji hata kuita mashahidi wake, na Albert Einstein mwenyewe alikuwa tayari kuja kumshuhudia mzee.

Je, mzee alitoka akisherehekea? Alitoka na huzuni. Kilichomtia baridi moyoni ni kuwafikiria wale wengi wasio na hatia walioko jela kwa sababu hawakuwa na fedha wala marafiki. Yeye alijulikana dunia nzima. Je, kijana asiyejulikana hata mtaa wa pili?

Mtu atasema: mambo hayo yalikwisha zamani. Ni kweli, yako yaliyotengenezwa. Tangu sheria ya 1970 ziko ofisi za mawakili wa maskini katika mahakama za Shirikisho, nao hulipwa na Serikali, na wengi wao ni hodari. Lakini leo, katika kila watu 100 wanaotiwa hatiani huko, zaidi ya 90 hukiri kosa bila ya kesi kusikilizwa. Wengine wamekosa kweli. Wengine huogopa: wanaambiwa kubali miaka mitatu, ukikataa ukashindwa utapata kumi. Basi vita huamuliwa kabla ya siku ya kesi, katika chumba kidogo, na mtu asiye na wakili tangu siku ya kwanza amekwisha shindwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba tushike mambo matatu.

La kwanza, anayekamatwa ataje jina lake, aombe wakili, kisha anyamaze. Si ujeuri, wala si dalili ya hatia. Wengi wamejifunga kwa ulimi wao wakidhani wanajieleza.

La pili, wakili hutafutwa mapema, na fedha zake hukusanywa kabla ya shida. Haba na haba hujaza kibaba. Senti za watu wengi ndizo zilizompeleka mzee mahakamani akiwa na utetezi kamili.

La tatu, tusimkimbie mwenzetu siku anapotiwa pingu. Mshtakiwa si mhalifu mpaka ithibitike. Twende tujaze viti vya mahakama, tukae kimya kwa heshima, ili jaji aone kwamba mtu huyu anao watu. Twende na nyumbani kwake tuone kama watoto wamekula.

Dr. Du Bois alifia Accra, Ghana, tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95, mtu huru katika Afrika huru. Angaliweza kufia jela. Kilichomwokoa ni wakili aliyeijua sheria na watu waliokataa kumwacha peke yake. Karatasi ya haki ilikuwako tangu 1791, lakini karatasi haina mdomo, wala haina miguu ya kwenda mahakamani. Miguu ni yetu sisi.