Mzaha wa wapiga foto

Mama na baba mlioacha mashamba yenu na sasa mnalala chini ya shitingi, wazee wa vijiji, machifu, wakubwa wa kambi, nawasalimu nyote.

Leo naanza na jambo ambalo mtaliona dogo: kamera. Siku hizi kila kijana anapiga foto kwa simu, lakini ninyi watu wazima mnawakumbuka wapiga foto wa sokoni, waliotupiga siku ya arusi na siku ya ubatizo. Kati yao kulikuwa na mashindano, na wenye kamera kubwa wanayo hata leo. Huyu ana Nikon, yule ana Canon.

Mwenye Nikon husema: "Watu wa Canon wanafuata mtindo tu. Plastiki yao, mvua ya kwanza inaimaliza." Mwenye Canon anajibu: "Watu wa Nikon ni vichwa vigumu, wanabeba chuma shingoni, wamebaki mwaka 1959." Huo ndio mwaka ilipotoka Nikon F, kamera iliyopendwa sana na waandishi wa habari waliokwenda vitani. Halafu wote wawili wanamcheka mwenye Leica ya Ujerumani: eti ni tajiri anayeivaa kama mkufu, foto hapigi.

Nilijua wawili wa namna hiyo katika mji wetu. Walikaa chini ya mti mmoja mbele ya soko, wakichokozana kutwa nzima. Lakini filimu yao ilikuwa moja. Ile ya foto 36 inayoingia katika Nikon inaingia katika Canon pia. Siku moja, kwenye arusi, yule wa Nikon filimu ikamwishia kabla bibi arusi hajakata keki. Mwenzake akachomoa yake mfukoni: "Chukua, mzee wa chuma, usituaibishe."

Siku nyingine walibadilishana kamera. Yule wa Canon akajaribu kufunga lenzi ya Nikon, ikakataa. Akasema, "Kitu kibovu hiki!" Mwenzake akacheka mpaka akakaa chini. Lenzi ya Canon hufungwa kwa kuizungusha kama mishale ya saa inavyokwenda. Ya Nikon huzungushwa upande wa pili. Hakuna kilichoharibika. Ni mkono tu uliozoea kwao. Na sisi je? Mara ngapi tumesema watu wa kilima kile ni wabaya, kumbe wanasalimia kwa namna nyingine, au wanalia msiba kwa namna nyingine?

Tena kuna habari ambayo wengi wa hao wabishi hawaijui. Mwaka 1936, kule Japani, kamera ya kwanza ya Canon kuuzwa, iliyoitwa Hansa Canon, ilitoka na lenzi ya Nikkor. Nikkor ni lenzi za kampuni ileile inayoitwa Nikon leo. Wenye Canon hawakuwa bado na lenzi yao wenyewe. Na wale wengine walikuwa hawajatengeneza kamera yenye jina la Nikon, mpaka mwaka 1948. Kwa hiyo Canon ilianza kuona kwa jicho la jirani yake.

Nimejiuliza sana kwa nini mzaha wa wapiga foto hauui mtu. Naona kwanza unasemwa mbele ya mwenyewe, naye anajibu. Na kuna jambo lingine zito zaidi: mtu anaweza kuuza Nikon yake asubuhi, jioni akawa mtu wa Canon. Lakini kabila la mama yako utaliuza wapi?

Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza kule Rwanda mwaka 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na kwa mizaha yake. Polepole mzaha ukawa jina: Watutsi wakaitwa mende. Mwaka 1994 jina likawa panga. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wawili kati ya waanzilishi wake. Mimi ninayesema nanyi, nasema kwa redio. Jambo hilo hunitetemesha.

Wakubwa wa kambi, hapa nawaomba masikio. Bidoni ikipotea kwenye bomba la maji, mtasikia: "Watu wa upande ule ni wezi." Msiache neno hilo lilale. Ulizeni: nani? Bidoni huibwa na mtu mmoja, na mtu huyo ana jina. Na ninyi wazazi, jioni mkicheka juu ya majirani, tazameni kama jirani mwenyewe angekuwapo mngecheka pamoja naye, au mngenyamaza.

Wale wawili wa sokoni? Vita ilipofika mjini mwaka 1996, yule wa Nikon alikimbia na watoto wake, kama mlivyokimbia ninyi. Yule wa Canon alibaki. Alibeba sanduku la mwenzake, lenye negativu za arusi zote za mtaa, akalificha chini ya kitanda chake. Mwenzake alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, kamera hana. Waliangaliana. Yule wa Canon akavuta sanduku, akamsukumia, akasema, "Mzee wa chuma, nilidhani huko ulikokwenda umeshanunua Canon."