Gharama za Dharura za Umeme Zilipwe na Nani?



Mwenye nguzo na nyaya za umeme hana mshindani, naye mlaji hana pa kukimbilia. Ndiyo maana Uingereza, ilipoanza kuuza mashirika yake ya umeme mwaka 1990, ililazimika kuweka mdhibiti. Leo kazi hiyo ni ya Ofgem, chombo kinachokadiria mapema matumizi ya kila kampuni ya nyaya. Kampuni ikitumia pungufu, hubaki na sehemu ya akiba, na sehemu nyingine humrudia mlaji. Ikizidisha, hubeba sehemu ya mzigo. Shabaha ni kuwafanya mameneja wawe waangalifu.

Lakini makadirio si msahafu. Kwa njia kuu za umeme, kipindi kilichoanza mwaka 2013 kiliwekewa miaka 8. Makisio mengi yakaenda upande, makampuni yakapata faida kubwa kuliko ilivyotazamiwa. Kipindi cha mwaka 2021 kikapunguzwa kuwa miaka 5. Baadhi ya gharama zikafungamanishwa na mwenendo wa bei, na ukawekwa mlango wa kufungua hesabu upya litokeapo jambo lisilotabirika.

Je, mlango huo ufunguliwe kwa nani? Novemba 2021 tufani iliyoitwa Arwen iliangusha nyaya, na wateja zaidi ya 1,000,000 wakakosa umeme. Kaya karibu 4,000 zilikaa gizani zaidi ya wiki moja. Ajali haina kinga, na hakuna kampuni inayoamrisha upepo. Hata hivyo, uchunguzi wa Ofgem ulionyesha kuwa baadhi ya makampuni hayakuwaarifu wateja ipasavyo, na fidia ikachelewa. Hayo hayakuletwa na upepo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Gharama zote zikitupiwa mlaji, uzembe hautakuwa na adhabu. Zote zikiachiwa kampuni, itatia chumvi makadirio yake au itaacha nguzo zioze. Haki ni kutenganisha: lisiloweza kuonekana mbele ligawanywe kwa kipimo kinachojulikana, lililotokana na kutoziba ufa, aliyeuacha ufa ajenge ukuta kwa fedha yake. Na ufunguo wa mlango huo ukae kwa mdhibiti, ushahidi ukiwa wazi mbele ya umma, wala usikae mfukoni mwa anayedai kulipwa.